Jumapili Niliyoacha Kubonyeza "Hapana"

Ukutani katika karakana yangu hapa Morogoro kuna fremu tatu. Ya kwanza ni diploma yangu ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, niliyoimaliza nikiwa wa pili darasani, na huyo aliyekuwa wa kwanza alikuwa na mjomba wake chuoni. Ya pili ni cheti cha Marekani kinachoniruhusu kushika gesi za majokofu. Mtihani wake niliufanya mara moja tu, sikurudia. Ya tatu ni barua ya ukurasa mmoja, isiyo na rangi wala urembo, na hiyo ndiyo wateja wanayoiulizia zaidi. Wanaojua Kiingereza huisoma wakisubiri, halafu hudhani nimeitundika kwa makosa. Inasema kwamba mafao yangu ya kukosa kazi yamefungwa, na kwamba yamefungwa kwa ombi langu mwenyewe.

"Yaani walikuwa wanakupa hela umekaa tu nyumbani, ukawaambia basi?" aliniuliza juzi mwenye bucha mmoja aliyekuja kwa ajili ya chumba chake cha baridi.

Niliwaambia basi. Mwenye bucha alitikisa kichwa akanitazama kama mtu aliyemwaga maziwa makusudi. Kwa kuwa siku ile nilimjibu kwa ufupi, leo naieleza yote.

Nilifika Louisville kwa viza ya bahati nasibu. Watu wa kwetu wanalipenda sana hilo neno bahati, wanalitumia kunipunguzia sifa zangu. Fomu niliijaza mwenyewe. Picha nilirudia mara tatu mpaka masikio yote mawili yakaonekana kama walivyotaka. Nauli ya mimi na mke wangu ilitoka kwenye pikipiki niliyoiuza na mashine mbili za kulehemu. Sikubebwa na mtu. Nilichobeba mimi ni boksi langu la vifaa, kilo kumi na moja, na diploma ndani ya bahasha ya plastiki.

Mama mmoja wa ofisi ya wakala wa ajira aliyenipokea Louisville aliitazama ile diploma kwa upole, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenzake. Akasema ni nzuri. Kisha akanirudishia pamoja na pea ya glavu. Kwa miaka mitatu nilisimama mbele ya mkanda unaokimbia, nikapanga vifurushi vya watu nisiowajua kwenda kwa watu nisiowajua. Nilikuwa mpangaji mzuri kuliko wote wa mstari wangu, sina sababu ya kuficha hilo, lakini boksi la vifaa lilikaa chini ya kitanda na sikulifungua.

Tukahamia Reynoldsburg, mashariki mwa Columbus katika jimbo la Ohio, kwa sababu kiwanda kimoja huko kilikuwa kinalipa vizuri zaidi. Kazi yangu ilikuwa kufunga skrubu kwenye viti vya magari. Skrubu nne, kiti kinapita, skrubu nne. Siku moja friji la chumba cha mapumziko likaacha kupoza. Nililisikiliza nikiwa nimeshika chakula changu, nikajua tatizo kabla sijakaa. Nikamwambia msimamizi, "Nipe dakika ishirini na bisibisi."

Akasema, "Wewe ni wa skrubu."

"Mimi nina diploma ya hilo friji."

"Sina shaka," akasema, na hakuwa ananikejeli, alikuwa ana haraka tu. Wakalitoa friji lile wakalitupa nyuma ya jengo, wakaleta jipya. Nilipita karibu nalo kila siku kwa mwezi mzima. Lilinyeshewa mvua na mimi natazama.

Mwaka 2015, kiangazi, kiwanda kikapunguza watu, nami nikawamo. Tulipewa karatasi yenye maelezo ya jinsi ya kuomba mafao. Niliikunja nikaitia mfukoni kwa hasira, maana kwangu mimi ilikuwa ni sadaka, na sijawahi kula sadaka. Mkongomani mmoja tuliyekuwa naye kwenye mstari ndiye aliyenishika mkono pale kwenye maegesho.

"Kaka, usifanye kiburi," akaniambia. "Kampuni ilikuwa inalipia hii kitu tangu siku ya kwanza. Donc, basi, haiko sadaka. Ni haki yako."

Nikaomba. Sitadanganya, ilitusaidia. Mwezi uliofuata mke wangu akapata kazi Buffalo, jimbo la New York, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kupitia rafiki yake wa zamani, tukafunga mizigo tena. Mafao yalinifuata kutoka Ohio, kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Sharti lilikuwa niendelee kutafuta kazi huko niliko na nijibu maswali kila wiki.

Maswali hayo yaliulizwa kwa simu na sauti ya mashine. Nilijiwekea Jumapili saa nne asubuhi, baada ya chai, mke wangu akiwa kazini. Je, wiki hii ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? Bonyeza ndiyo. Ulikuwa tayari kufanya kazi? Ndiyo. Ulikataa kazi yoyote uliyopewa? Hapana. Kisha lile la mwisho: ulifanya kazi yoyote? Hapo nilibonyeza hapana. Kidole changu, kidole cha mtu aliyefundishwa kupima umeme na shinikizo la gesi, kila Jumapili kilikuwa kinaitangazia serikali kwamba hakikufanya kitu. Kuna watu wanaweza kubonyeza hivyo na kurudi kunywa chai. Mimi chai yangu ilikuwa inapoa.

Ili nisioze, nikawa naenda maktaba kusomea ule mtihani wa gesi. Kule, hata kama umetengeneza majokofu tangu utotoni, huruhusiwi kugusa gesi bila cheti. Nikafanya, nikafaulu, cheti kikaja kwa posta. Nikakiweka juu ya diploma kwenye bahasha ileile ya plastiki. Nikaendelea kuomba kazi za maghala, kwa sababu ndizo zilizokuwepo na ndizo nilizoorodhesha kila wiki.

Tulikuwa tunakaa Riverside, mtaa wa Buffalo ulio karibu na mto Niagara, kwenye nyumba ya mbao ya familia mbili, sisi chini, juu mama mmoja mjane kutoka Kivu na watoto wake wanne. Sisi tulimwita mama wa juu. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani akipika, na kwa wimbo tu tulijua kama leo ni maharage au ni nyama.

Jumatano moja wimbo ulikatika katikati. Nikamsikia anashuka ngazi, akasimama mlangoni kashika kiuno.

"Bon, baba, frigo yangu imekufa. Inafanya tu tk, tk, kisha inanyamaza. Nyama ya batoto yote itaoza."

Nikapiga magoti, nikavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Juu kwake sikuchukua muda. Nilitia mita, nikapima, nikaweka kiganja ubavuni mwa kompresa, ile pampu ambayo ndiyo moyo wa friji. Fundi wa kubahatisha angesema kompresa imekufa, anunue friji jipya. Mimi nikasema rilei, kijidude cha kuwashia, cha ukubwa wa kiberiti. Tukaenda kukinunua kwa hela yake, nikakifunga, friji likashtuka, likaanza kunguruma taratibu. Mama wa juu akapiga makofi. Nikamwambia si kitu, ingawa kilikuwa kitu na sote wawili tulijua.

Jioni akaleta sufuria ya sombe. Kwa asiyejua, ni kisamvu cha wenzetu wa Kongo, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, na hii ilikuwa na samaki wakavu ndani. Tulikula siku mbili. Jumamosi mke wangu akaisugua sufuria ikang'aa, akaijaza pilau ya nyama, nikaipandisha juu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na bahati nzuri kwao vilevile.

Ikaja Jumapili saa nne. Ulifanya kazi yoyote wiki hii?

Nikabonyeza ndiyo.

Sikufikiri. Niseme ukweli, nilibonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Sauti ikaniambia niingize kiasi nilicholipwa. Nikabaki nimeshika simu, maana mashine ile haina kitufe cha sombe. Nikikaa kimya, inarudia. Mara ya tatu ikanijulisha kwamba malipo yangu yamesimama, nisubiri kupigiwa na ofisa.

Ofisa akapiga Jumanne, mama mwenye sauti ya utulivu. Tuliongea Kiingereza, lakini nayaandika maneno kama yalivyokaa kichwani mwangu.

"Ulifanya kazi gani, bwana?"

"Nilitengeneza friji. Rilei ilikuwa imeungua. Watu wengi wangesema kompresa, lakini mimi nina diploma ya..."

"Ulilipwa kiasi gani?"

"Sufuria moja ya sombe."

"Samahani?"

"Majani ya muhogo, mama. Yanatwangwa. Yalikuwa na samaki."

"Sawa. Thamani yake ni kiasi gani?"

"Chakula cha jirani hakina bei."

"Nahitaji namba ya kuandika hapa. Hata makadirio."

"Halafu sufuria nilirudisha."

"Ulirudisha malipo?"

"Malipo nilikula. Nilirudisha sufuria, tumeijaza pilau."

Nikasikia kalamu inawekwa mezani. "Kwa hiyo," akasema polepole, "wewe ndiye uliyemlipa yeye."

Nikafikiri. "Pilau ilikuwa na nyama nyingi. Pengine nilimzidi kidogo."

Akacheka, na nikamsikia anaondoa mdomo kwenye simu ili acheke vizuri. Aliporudi akasema ataandika sifuri, maana kumsaidia jirani si ajira, na malipo yangu yataendelea. Nilidhani tumemaliza. Kisha akauliza, bila ukali hata kidogo:

"Lakini nikuulize. Mafao haya ni ya mtu anayetafuta kazi. Unavyozungumzia hiyo rilei, unatafuta kazi, au unayo tayari?"

Nikaanza kumweleza tena habari za diploma. Akasema nina mpaka Jumapili, nijibu ninachokiamini.

Wiki hiyohiyo ghala moja kati ya niliyoomba likanipigia. Walikuwa na nafasi ya kupanga mizigo na wangenihitaji Jumatatu iliyofuata. Hapo nikaona mambo yalivyosimama. Nikiendelea kudai mafao, siwezi kukataa kazi hiyo, ndio utaratibu, na ni utaratibu wa haki. Nikienda ghalani, nilijijua. Ningekuwa mpangaji bora wa mstari, boksi lingerudi chini ya kitanda, na safari hii lisingetoka. Nilikuwa nimefika umri ambao mikono ikisahau haikumbuki tena. Na nikifunga mafao nijiajiri, majira ya baridi ya Buffalo yako mlangoni na sina hata mteja mmoja wa hela.

Nilimweleza mke wangu akiwa anavua viatu vya kazi. Yeye ananiita Mhandisi, hasa akiwa hakubaliani nami.

"Mhandisi," akasema, "theluji ya hapa wanasema inafika dirishani, na wewe unataka kumfukuza anayetuletea unga?"

"Simfukuzi. Namuaga."

"Nani kakupa kazi?"

"Mimi mwenyewe."

"Na wewe mwenyewe utajilipa nini? Vyeti?"

"Cheti cha gesi hapa wanacho wangapi kati yetu?"

"Na wiki zilizobaki za mafao unazo ngapi? Nyingi. Mswahili anayekataa ugali ulioiva ili akalime, nimemwona mmoja tu, na nimeolewa naye."

Akaenda kuoga. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Aliporudi amejifunga khanga kichwani, alikaa karibu yangu na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Siku ile ulipokuwa juu na lile friji, nilikuwa jikoni. Nilikusikia unapiga mluzi. Louisville hukupiga mluzi hata siku moja, mume wangu. Reynoldsburg pia." Akaninyooshea kidole. "Nionyeshe mtu mmoja anayekulipa hela. Mmoja tu, kabla ya Jumapili. Si sombe. Ukimpata, funga. Ukimkosa, Jumatatu uende ghalani na usininunie."

Nilikuwa na siku nne.

Mama wa juu alipolisikia hilo hakutaka maelezo. Ndugu mmoja wa kanisani kwake alikuwa na duka la vyakula upande wa Kensington-Bailey, lenye majokofu ya samaki yaliyokuwa yanamsumbua. Alhamisi mama wa juu akanipeleka kwa basi, mimi na boksi langu mapajani. Mwenye duka, Mkongomani mnene mchangamfu, akanionyesha jokofu la mbele lililojaa barafu kama limepigwa lipu. Hita ya kuyeyushia barafu ilikuwa imekatika. Nikaitoa, nikafunga nyingine, nikasafisha na feni iliyokuwa imeziba vumbi. Saa tatu kamili za kazi. Wateja wakawa wanasimama kutazama na mimi nikawa nawaeleza ninachofanya, maana kutazama bila kuelewa hakusaidii.

Nilipomaliza mwenye duka akaja na uso wa furaha. "Fundi, kazi ni ya muzuri kabisa. Ni ngapi?"

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mzungu asingelifanya hata akiwa usingizini. Yule mtu alikuwa amenipa soda. Alikuwa ameniuliza habari za nyumbani. Alikuwa amenijua kupitia jirani yangu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe kwa adabu niliyolelewa nayo, ukasema:

"Aa, wewe tu. Chochote utakachoona."

Akaona samaki. Akanifungia makayabo wanne, samaki wale wa chumvi wanaowapenda wao, akaongeza na mfuko mzima wa perege waliogandishwa, akanisindikiza mpaka kituoni akiniombea baraka. Kwenye basi mama wa juu alikuwa anatazama dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Sema tu, mama," nikamwambia.

"Fundi," akasema, "kwa kujisifu mdomo yako iko kubwa sana. Kwa kusema bei, iko kadogo hivi." Akanionyesha ncha ya kidole cha mwisho.

Nyumbani mke wangu aliupokea mfuko, akauchungulia, akaingiza perege kwenye friji mmoja mmoja. Kwenye yule wa mwisho akasema, "Hawa nao walikuwa wa kwenye diploma?"

Ijumaa sikutoka. Nilikaa na lile swali la yule mama wa ofisini. Nilijisifia cheti, nilijisifia diploma, nilijisifia masikio ya picha ya viza, lakini nilipoulizwa kazi yangu inauzwaje niliificha nyuma ya adabu. Nilikuwa nimefanya kazi ya fundi halafu nikaondoka kama mgeni. Na mgeni hupewa zawadi. Yule mwenye duka hakunidhulumu, alinipa kilekile nilichomwomba.

Jumamosi asubuhi nikarudi Bailey peke yangu. Nilivaa shati la kola na nikabeba vyeti vyote viwili. Mwenye duka akafungua mikono: "Fundi! Jokofu inafanya baridi kama Bukavu mwezi wa saba!"

"Nimekuja kuona chumba cha nyuma," nikasema.

Nilikuwa nimekiona siku ile ile ya Alhamisi, chumba kizima cha baridi nyuma ya duka, kimezimwa, kimejaa maboksi matupu. Akasema kilikuwa kimepoteza gesi tangu kiangazi, na fundi mmoja wa mjini alimtajia bei iliyomfanya akae chini. Nikakikagua na tochi kwa muda mrefu. Gesi ilikuwa inavuja kwenye kiungo kimoja nyuma ya mashine, mafuta yalikuwa yameacha alama pale, nikamwonyesha. Nikampa cheti changu cha gesi akisome. Halafu, kabla sijafungua boksi la vifaa, nikataja bei.

Sauti yangu ilitoka ndogo. Niliitaja tena, kwa sauti yangu ya kawaida.

Alinitazama. Akacheka kicheko kirefu, akanipa mkono.

"Bon! Sasa ndiyo fundi. Alhamisi mi nilifikiri ni jirani tu ya mama amekuja kutusaidia."

Nilifanya kazi mpaka alasiri kwa geji na pampu za mtumba nilizonunua nikiwa bado Columbus, siku nilipokuwa na hela na sina sababu ya kuzinunua. Nilifunga kiungo, nikavuta hewa, nikajaza gesi, nikakaa ndani ya kile chumba nikisubiri kipimajoto kiteremke. Kiliteremka polepole, nami pumzi yangu ikaanza kuonekana. Sijui kama nilipiga mluzi. Mwenye duka anasema nilipiga.

Akanilipa kama tulivyokubaliana. Nyumbani niliziweka noti mezani mbele ya mke wangu. Akazitazama, akanitazama. "Na samaki?" akauliza.

"Leo hakuna samaki."

"Afadhali," akasema. "Friji limejaa." Akainuka kuweka maji ya chai, na nikaona amegeuka upande wa ukuta ili nisimwone anavyotabasamu.

Jumapili saa nne simu ilikuwa juu ya meza. Niliitazama. Mkono ulikuwa na mazoea yake, ulisogea wenyewe. Nikaupa kazi nyingine. Sufuria ya mama wa juu ilikuwa kwetu tena, alikuwa ameshusha maharage Ijumaa ili kunifariji kwa aibu yangu. Nikakaanga perege watatu, nikaweka na nazi, nikafunika, nikapandisha. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kanisani, bado ana kofia.

Akafunua kifuniko. "Hii utaambia ofisi yako ni ngapi?"

"Kesho nawaambia mengine," nikamjibu.

Jumatatu nikalipigia ghala nikawashukuru na kukataa, kisha nikaipigia ofisi. Nilisubiri sana mpaka nikampata mama yuleyule, nikamwambia jibu la swali lake: kazi ninayo. Nataka kufunga.

"Huhitaji kufunga, bwana," akasema. "Ukiacha kupiga simu Jumapili, madai yanalala yenyewe. Wengi hufanya hivyo."

"Kwetu mtu haondoki kwa watu bila kuaga. Mmenilisha."

Akanieleza, kama ilivyompasa, kwamba bado kuna wiki zilizobaki, kwamba nikikwama naweza kuuliza tena, na akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nikamwomba barua inayosema nimefunga mwenyewe.

"Ya nini?"

"Ya kuweka."

"Sawa, nitaiandika."

"Na iwe na muhuri."

"Hatutumii muhuri, bwana."

Niliumia kidogo, kwa sababu barua isiyo na muhuri kwetu ni kama chai isiyo na sukari. "Basi sahihi yako," nikasema. "Kwa kalamu."

Kabla ya kukata akauliza, "Yule jirani, friji lake bado linafanya kazi?"

"Mama," nikamwambia, "nimelitengeneza mimi."

Barua ilifika siku chache kabla ya theluji ya kwanza, na sahihi ilikuwa ya wino wa bluu. Wiki hiyo nilikwenda ofisi ya kaunti nikaandikisha jina la biashara. Majira yale ya baridi hayakuwa mepesi. Kulikuwa na wiki mbili nilizokaa bila kazi kabisa, na kwenye hizo mke wangu hakusema lolote, ingawa alikuwa na haki ya kusema mengi. Lakini duka moja lilinipeleka kwa jingine, mgahawa ukanipeleka kwa kanisa, na kufikia majira ya kuchipua nilikuwa na gari dogo lenye ngazi juu yake. Hilo gari ndilo lililozaa karakana hii niliyorudi kuijenga nyumbani, matofali kwa matofali, bila mkopo wa mtu.

Fremu ya barua hakuinunua Mhandisi. Aliinunua mke wangu, na pale Buffalo aliitundika mwenyewe juu ya meza ya kulia, upande mmoja umeshuka. Hata hapa Morogoro nimeitundika vilevile.

Haya yote sikumweleza mwenye bucha siku ile. Alikuwa bado anaikodolea macho barua, anatikisa kichwa. Mwishowe akakumbuka kilichomleta, akageuka.

"Haya fundi, twende ukaone hicho chumba. Tutaongea bei ukimaliza, sisi si wageni."

Nikamtajia bei hapohapo, kabla sijanyanyua boksi.